Jiko Lako Halikupasuka kwa Sababu Fundi ni Mwizi

Kuna picha moja ambayo hunifikia karibu kila mwezi, kila mara kutoka kwa mtu tofauti. Ni jiko la kuni la chuma, limeundwa na fundi wa mtaani, rangi nyeusi bado inang'aa ubavuni, halafu pale kwenye pembe ya mlango wa kuni kuna ufa. Mara nyingine ni mstari mwembamba kama unywele. Mara nyingine ungeweza kupenyeza shilingi. Na ujumbe huwa ni ule ule: fundi amenikula pesa.

Sasa wacha niseme kitu ambacho hakitawafurahisha wote. Mara nyingi fundi hajakula pesa ya mtu. Alifanya kile ulichomlipa afanye. Ulitaka sanduku la chuma lililofungwa kila upande, laini, bila mwanya hata mmoja, la kupendeza ukipiga picha. Akakuundia. Na sanduku la namna hiyo ukiliwashia moto ndani kila siku, litapasuka. Litapasuka mwezi ujao au mwaka ujao, lakini litapasuka.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili tulishalijua hapa hapa Kenya. Limegongwa kwa nyundo, likajaribiwa, likashindwa, likatengenezwa tena, na wazee ambao wengine wao bado wako kazini. Historia ya jiko letu kwa kweli ni historia ya watu waliopambana na nyufa. Tatizo ni kwamba historia hiyo hatuisomi popote, kwa hivyo kila kizazi kinaanza upya na kila mteja anamtukana fundi wake.

Tuanze na chuma chenyewe, haraka tu, mniwie radhi nyinyi mliokuwa mnatoroka somo la fizikia. Chuma kikipata joto kinatanuka. Chukua bamba la nusu mita, lile linalozunguka moto. Likipanda joto kwa nyuzi 500 hivi, linaongezeka urefu kwa milimita 3. Unaona ni kidogo, sivyo? Lakini fremu ya nje, ile ya vyuma vya pembe, imepanda labda nyuzi 70 tu, na haijaongezeka hata nusu milimita. Bamba linataka kwenda, fremu imekataa, na wawili hao wameshikanishwa kwa mshono wa kuchomelea mwanzo hadi mwisho. Bamba halina pa kwenda ila kuvimba katikati kama chapati kwenye kikaango. Moto ukizima linarudi, lakini halirudi vile lilivyokuwa. Asubuhi uji, mchana githeri, jioni ugali. Ni sawa na waya unaoukunja na kuukunjua. Siku moja unakatika, na wewe unasema waya ulikuwa feki.

Ufa hauanzi popote tu. Unaanza penye pembe kali, kwa mfano kona ya mlango, na unaanza kando ya mshono, kwa sababu mshono wenyewe ulipokuwa ukipoa siku ya kwanza uliuvuta ule upande wa bamba na kuuacha umekazwa. Ongeza hapo kwamba chuma cha kawaida kikifika nyuzi 600 kinapoteza karibu nusu ya nguvu zake, na kinaanza kumwaga magamba meusi. Yale magamba unayofagia pamoja na majivu ndiyo jiko lako linaondoka kidogo kidogo. Ukitaka kujua kama limefika huko, zima taa usiku moto ukiwa umekolea. Ukiona chuma kinang'aa wekundu hafifu, ujue kimeshapita nyuzi 500.

Haya, fizikia imeisha. Tuje kwa watu.

Kabla ya haya yote kulikuwa na mafiga, na mafiga hayana ufa wa kukusumbua. Jiwe likipasuka unatafuta jiwe lingine. Pwani kulikuwa na seredani za kupikia kwa makaa. Lakini lile jiko la bati ambalo sisi wote tunalijua, lile la mviringo lenye mlango mdogo chini wa kutolea majivu, historia inayosimuliwa zaidi inalipeleka kwenye reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899, na Kisumu 1901. Zaidi ya wafanyakazi elfu 30 waliletwa kutoka India, na pamoja nao wakaja na namna zao za kupika juu ya makaa. Ukitaka ushahidi, sikiliza lugha. Waganda mpaka leo jiko la makaa wanaliita sigiri, na kule India kaskazini jiko la makaa huitwa sigri. Neno kama hilo halitembei peke yake, linabebwa na mtu aliyeshika chombo chake.

Reli ilileta kitu kingine pia ambacho watu wanakisahau. Nenda Kamukunji leo, pale mafundi wanapogonga bati kuanzia asubuhi mpaka masikio yakuume. Angalia wanagongea juu ya nini. Wengi wanagongea juu ya kipande cha reli. Chuma kizito cha treni, kimekatwa, kimelazwa, ndiyo fuawe. Yaani reli ilileta jiko, halafu ikageuka kuwa kifaa cha kuliundia.

Na waliokuja kulirithi hilo jiko hawakuwa watu wasiojua chuma. Wahunzi walikuwepo nchi nzima kabla ya mkoloni. Wasamia kule Busia walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe kwa muda mrefu. Kwa hivyo nikisikia mtu akisema ati "Wahindi walitufundisha kugonga bati" huwa nacheka. Walituletea umbo. Nyundo tulikuwa nayo.

Sasa angalia lile jiko la bati lilivyounganishwa, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Malighafi ni pipa la mafuta lililokatwa, chuma cha unene wa kama milimita moja. Fundi anakunja ukingo wa bati moja, anakunja ukingo wa lingine, anavishikanisha kama vidole vya mikono miwili, halafu anagonga. Penye uzito anaweka ribiti. Hakuna kuchomelea. Wengi wao hawakuwa na mashine ya kuchomelea wala umeme, kwa hivyo unaweza kusema ni umaskini uliowafanya wakunje. Sawa. Lakini ule mkunjo una mwanya ndani yake, mdogo sana, na bati likipata moto linapata mahali pa kusogea. Ndiyo maana jiko la bati la zamani halipasuki. Linaungua. Linaliwa na moto kutoka ndani mpaka siku moja unaliinua na chini inabaki sakafuni. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na nitaurudia.

Upande wa pili wa nchi, kule kwenye baridi, kulikuwa na hadithi nyingine. Walowezi waliojimilikisha ardhi za Limuru, Molo, Nakuru na Uasin Gishu walitaka moto wa kupikia ambao pia unapasha nyumba. Wakaleta stovu za chuma cha kusubu kutoka ng'ambo, na aina iliyojulikana zaidi ni Dover. Kama umekulia upande huo labda kuna moja kwa nyanya yako, na labda bado inafanya kazi. Hizi ni stovu za kuni, nzito, zina miguu, zina oveni ubavuni, na juu zina mifuniko ya mviringo unayoinua kwa ndoano.

Chuma cha kusubu ni kiumbe tofauti. Kinamiminwa kikiwa kimeyeyuka kwenye kalibu, kina kaboni nyingi, na hakipindi. Chuma cha pua, hiki cha mabamba tunachotumia mtaani, kinapinda kwanza kabla ya kukatika. Chuma cha kusubu kinakatika papo hapo, kama kikombe. Ukimwagia maji baridi stovu ya Dover ikiwa na moto, utasikia mlio mmoja tu na hiyo ndiyo habari yake.

Kwa hivyo wale walioziunda walilazimika kufikiria. Walijua chuma chao hakisamehe. Ndiyo maana stovu hizo hazikuwa kitu kimoja. Zilikuwa vipande vingi vilivyofungwa kwa bolti, na katikati ya vipande ukapakwa udongo maalum wa kuziba moshi. Juu pale, badala ya bamba moja kubwa, kuna vipande kadhaa na mifuniko iliyokaa tu ndani ya matundu yake bila kufungwa. Ndani, pale moto unapogusa, kuna bamba la ziada au matofali ya kuhimili moto ambayo unaweza kuyatoa na kuweka mengine. Wazo hili ni la zamani sana. Benjamin Franklin kule Marekani alipoeleza stovu yake mwaka 1744, ilikuwa ni mabamba ya chuma cha kusubu yaliyoshikwa pamoja kwa vyuma vyembamba vya skrubu. Alipewa nafasi ya kujichukulia hataza akaikataa, akisema kwamba sisi sote hufaidika na uvumbuzi wa wengine. Mkumbuke hiyo ya hataza, tutakutana nayo tena.

Uhuru ukaja, mashamba yakabadilisha wenyewe, stovu zikabaki. Na mahitaji yakabaki pia, maana baridi ya Molo haikuondoka na mzungu. Stovu mpya ya kusubu ilikuwa ghali. Fundi wa mtaani akaangalia ile ya zamani, akaipima, akaiunda upya kwa mabamba ya chuma cha pua na mashine ya kuchomelea. Nimeziona nyingi, kuanzia Limuru mpaka Eldoret, na nyingine ni kazi nzuri sana. Lakini karibu zote zina shida moja. Fundi amenakili umbo la Dover na kuacha mianya yake. Juu ni bamba moja. Pembe zote zimechomelewa. Matofali ya ndani hayapo, kwa sababu mteja alipoambiwa bei akasema, "hayo toa, moto si utawaka tu?" Utawaka, ndiyo.

Ona kitu kilichotokea hapo. Mashine ya kuchomelea ilipokuja tuliiona kama maendeleo, na ni maendeleo. Lakini mkono uliokuwa unajua kukunja bati na kuacha nafasi ulikuwa na maarifa ambayo hayakuandikwa, na mashine haikuyauliza.

Sasa niwapeleke kwenye sehemu ya historia ambayo mimi huipenda kuliko zote, ile ya jiko la kauri. Ni jiko la makaa, si la kuni, lakini somo lake la ufa ni lile lile.

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, na ikapanda tena mwishoni mwa miaka hiyo, serikali nyingi zilianza kuhesabu miti. Agosti 1981 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Katika miaka hiyo Wizara ya Nishati, kwa fedha za Marekani, iliendesha mradi wa kutafuta jiko linalotumia makaa kidogo. Mmoja wa watu waliokuwa katikati ya kazi hiyo alikuwa Maxwell Kinyanjui, na jina lake lingekuwa kwenye vitabu vya shule kama tungekuwa makini. Walianza kwa kuangalia jiko la Thailand. Lile ni chungu kizima cha udongo uliochomwa kilichowekwa ndani ya ndoo ya bati, na nafasi iliyobaki ikajazwa majivu.

Jiko la Thailand lilikuwa linaokoa makaa, lakini lilikuwa zito, na chungu kizima kikipasuka umepoteza kila kitu. Udongo uliochomwa unatanuka karibu nusu tu ya chuma. Ukivifunga pamoja kwa nguvu, kimoja lazima kimuumize mwenzake. Na hapa mjini watu wanabeba jiko: kutoka nje hadi ndani, kutoka ghorofa ya tatu hadi kwenye veranda, kutoka Kayole hadi Umoja siku ya kuhama.

Jibu lililopatikana unalijua kwa macho hata kama hujawahi kulifikiria. Ni lile jiko lenye kiuno. Bati limebanwa katikati, pana juu na pana chini. Kauri inakaa nusu ya juu tu, pale penye moto, imeegemea kwenye kiuno. Kati ya kauri na bati kuna tabaka la saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisipite. Nusu ya chini ni bati tupu, kwa ajili ya majivu na hewa. Kwa kufanya hivyo jiko likawa jepesi, likasimama imara ukisonga ugali, na bati likakingwa na moto uliokuwa unalila. Na kauri ikipata ufa, jambo ambalo hutokea, haianguki. Bati limeikumbatia. Ni nyumba ngapi mnazojua zinazopikia jiko ambalo kauri yake imepasuka vipande vitatu, na chapati bado zinaiva? Ufa haukuondolewa. Ulihamishwa hadi mahali ambapo hauleti madhara. Mimi naona huo ndio uhandisi, na ulifanyika hapa.

Tena haukufanyika ofisini peke yake. Umbo la mwisho lilipitia mikononi mwa mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji na jikoni kwa akina mama, ambao hawana haya ya kukwambia kitu chako hakifai. Halikufungiwa hataza, kama ile ya Franklin. Yeyote aliyeweza kukunja bati aliruhusiwa kulitengeneza, na mamia ya watu wakalitengeneza. Mwanzoni lilikuwa ghali kwa mtu wa kawaida. Ushindani wa mafundi ndio ulioishusha bei. Mwaka 1985 Rais Moi alipotembelea mafundi wa Kamukunji na kuwaahidi vibanda, magazeti yakaanza kuandika "jua kali" kama sifa. Shirika la Kazi Duniani lilishawaona tangu 1972, katika ripoti yake kuhusu Kenya, likawaita sekta isiyo rasmi. Jina la mtaani lilikuwa bora zaidi.

Sifanyi mahubiri ya kusifu tu. Uhuru huo wa kunakili ulileta pia makanjanja. Kauri zilizochomwa nusu nusu, bati jembamba kama karatasi, saruji bila vamikulaiti. Ukinunua jiko la bei ya kutupa barabarani na likakufia ndani ya miezi mitatu, hapo una haki ya kulalamika. Ila hilo ni kosa la aliyejua akaruka hatua, na ni tofauti na yule fundi wa stovu ya kuni ambaye hakuna aliyewahi kumweleza.

Maana hiyo ndiyo tofauti. Jiko la makaa lilipata mradi, mafunzo, wataalamu, wafadhili. Jiko la kuni la vijijini nalo lilipata lake kidogo: lile la udongo wa mfinyanzi linaloitwa Upesi, ambalo vikundi vya akina mama wa magharibi ya Kenya waliliunda, na ambalo linajengewa ndani ya udongo jikoni. Hata likipata ufa, ule udongo unaolizunguka unalishikilia. Akili ni ile ile. Lakini stovu kubwa ya kuni ya chuma, ile ya nyumba za baridi na ile ya shule, ilibaki kati ya fundi na mteja, na mteja anataka bei ya chini.

Shule ndiyo inayonitia hasira. Katika miaka ya 1980 wakfu wa Bellerive, ulioanzishwa na Sadruddin Aga Khan, ulileta hapa Kenya majiko makubwa ya kuni kwa taasisi. Sufuria kubwa ilizamishwa ndani ya mwili wa jiko ili moto uizunguke badala ya kupotea pembeni, na bomba likatoa moshi nje. Wazo zuri, lilipunguza kuni sana, na baadaye likanakiliwa kila kona kwa chuma na matofali. Lakini jiko la namna hiyo linawaka kuanzia saa kumi alfajiri, kila siku ya muhula. Kila kitu nilichoeleza juu ya bamba na fremu kinatokea hapo mara kumi.

Shule niliyosoma ya bweni, ambayo sitaitaja, ilikuwa na mawili. Moja lilikuwa limebandikwa viraka juu ya viraka hadi huwezi kujua bamba la awali ni lipi. Kila likizo lilichomelewa kipande kipya, na kila muhula ufa ulitokea ukingoni mwa kipande hicho kipya. Na lazima utokee, kwa sababu kiraka kinaongeza unene mahali pamoja, na bamba jembamba la kando linabaki na kazi yote ya kujikunja. Moshi ulikuwa unatoka ubavuni badala ya bombani. Wapishi wawili walikuwa na macho mekundu mwaka mzima, na sisi tulikuwa tunawacheka, tukisema wamevuta kitu. Hakuna aliyeona kwamba ule ulikuwa ufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia nyumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wale wapishi hawakuwa wanapika nyumbani, walikuwa kazini.

Sawa, ufa umeshatokea kwako. Ufanye nini?

Kwanza ujue kama unavuja. Moto ukiwa umekolea, shika ubani au kijiti kinachofuka moshi karibu na ufa. Moshi ukivutwa ndani, jiko linanyonya hewa pale. Utapoteza kuni na moto hautatulia, lakini si hatari ya leo. Moshi wa jiko ukitoka nje, acha kulitumia ndani ya nyumba, maana pamoja na moshi unaouona kuna kaboni monoksaidi usiyoiona wala kuinusa, na hiyo inaua watu waliolala. Vilevile angalia bomba kwanza. Nyufa nyingi zinalaumiwa kwa moshi ambao kwa kweli unarudi kwa sababu bomba limejaa masizi.

Pili, usikubali ufa uchomelewe tu juu juu. Mwambie fundi atoboe tundu dogo, la milimita 3 au 4, pale pale ufa unapoishia, pande zote mbili. Ncha ya ufa ni kali kama wembe na nguvu zote zinakusanyika hapo; tundu la mviringo linazitawanya. Halafu asage ufa wenyewe upanuke kama herufi V, ndipo achomelee kwa vipande vifupi vifupi akiacha kila kimoja kipoe. Fundi mzuri atakwambia hayo kabla hujafungua mdomo. Kama bamba lenyewe limeshaliwa likawa jembamba, usipoteze pesa kulichomelea, kata kipande chote ubadilishe. Na kama ni Dover halisi ya kusubu, tafadhali usimpe mtu wa geti na madirisha. Chuma cha kusubu kinataka vijiti vya nikeli na kupashwa joto kwanza, la sivyo ufa mmoja unazaa watatu.

Tatu, na hii ndiyo muhimu, ondoa sababu. Weka matofali ya kuhimili moto ndani, yakae bila kubanwa, yenye nafasi ndogo ya kutanuka. Acha tabaka la majivu chini ya kuni badala ya kufagia mpaka chuma king'ae. Kama unaagiza stovu mpya, mwambie fundi bamba la juu lisichomelewe kila upande. Likae kwenye ukingo wake, lishikwe na bolti chache zenye matundu marefu kidogo ili liteleze. Mwambie pembe za mlango ziwe za mviringo. Atakushangaa kidogo, kwa sababu wateja kumi waliopita walimwambia kinyume.

Bei itapanda, ndiyo. Lipa. Matofali yale na ule mwanya ndivyo vitu viwili vya kwanza ambavyo mteja huviondoa kwenye hesabu, na ndivyo vitu ambavyo fundi wa jiko la kiuno alipewa nafasi ya kuviweka miaka arobaini iliyopita. Na ukiwa Kamukunji pita pia kwa wale wanaouza kauri peke yake, bila bati, zimepangwa kama vyungu. Wanaziuza kwa mtu ambaye ya kwake imepasuka na bati bado ni zima. Stovu za kuni za mtaani bado hazina kitu kama hicho, kipande cha ndani cha kubadilisha ambacho unaweza kukinunua bila kununua jiko lote, na fundi atakayeanza kukiuza Molo au Nyahururu kwa saizi mbili tatu zinazojulikana, mimi nitakuwa mteja wake wa kwanza.